Mwezi Unapoificha Nyota

Septemba 1, 2016 watu walifurika Rujewa, Mbeya, kushuhudia Mwezi ukipita mbele ya Jua na kuacha pete ya moto. Mwezi huohuo huzifunika na nyota za usiku, kama Spica, na hapo huhitaji miwani maalumu. Usiku wa tukio kama hilo, simama Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, bonde la Ruvuma likiwa giza chini yako. Tuliza simu kwenye jicho la darubini, urekodi. Nyota haififii: huzimika ghafla, kwani Mwezi hauna hewa. Aliyeko Masasi ataiona ikizimika katika sekunde tofauti. Walimu, wapeni wanafunzi saa na daftari, wapime tofauti hiyo. Giza letu ni maabara, tulitumie.