Makao Makuu ya Jeshi Hupimwaje?

Fungueni madaftari yenu.

Askari hupimwa kwa shabaha. Lakini makao makuu ya jeshi hayapigi bunduki. Kazi yake ni kupokea habari, kuzielewa, kukata shauri na kutoa amri. Kazi hiyo hupimwaje kabla ya vita?

Hupimwa kwa mchezo wa vita. Jeshi la Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani, lilianza kuutumia mwaka 1824. Ninyi mnajua bao. Katika bao kila mchezaji huziona kete zote. Katika mchezo huu kete za mwenzako huzioni. Kila upande hukaa katika chumba chake, na mwamuzi peke yake ndiye aonaye ramani nzima. Yeye huwapelekea habari: nyingine ni za kweli, nyingine zimechelewa, nyingine ni nusu tu.

Mwamuzi hutazama mambo matatu. Kwanza ni saa: habari imeingia saa 3, je, amri imetoka saa ngapi? Pili, hulinganisha ramani iliyochorwa na makao makuu na ile yake ya kweli. Tatu, hutazama kama shauri lililokatwa lilidumu, au lilibadilishwa kila mara. Kushinda tu si kipimo, maana mtu aweza kushinda kwa bahati.

Majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hufanya mazoezi ya makao makuu yaitwayo Ushirikiano Imara. Mwezi wa Juni, 2024, yalifanyika Rwanda. Maofisa wa nchi mbalimbali hujifunza kufanya kazi katika makao makuu mamoja.

Ninyi wa Tandahimba na Newala, Mto Ruvuma ni jirani yenu. Mwezi wa Oktoba, 2020, watu wenye silaha walivuka kutoka Msumbiji wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Watu waliuawa na nyumba zilichomwa. Kwa kijiji cha mpakani, saa moja ya kungojea amri ni kitu kikubwa. Afadhali uchelewaji huo uonekane mezani, urekebishwe.

Lakini mchezo hauna hofu wala majeruhi. Kwa hiyo ofisa mwenye busara hujifunza kwao, wala hauamini peke yake.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Mchezo wa vita na bao vinatofautianaje?
2. Kwa nini kushinda tu si kipimo?
3. Habari za hatari kijijini kwenu hupelekwa kwa nani, na huchukua muda gani kufika?

Kwaherini.