Mbio Zikiisha, Mbwa Huenda Wapi?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)



Siku chache zilizopita mvua ilinikuta njiani hapa Dar es Salaam, nami nikakimbilia kwenye baraza ya duka moja la kubeti. Ndani walikuwamo vijana wapatao kumi na watano, macho yao yote kwenye runinga. Nikadhani ni mpira. Kumbe ni mbwa. Mbwa sita wembamba, wenye miguu mirefu na vifua vipana, kila mmoja amevishwa kizibao chenye nambari. Wa kwanza chekundu, wa pili cha buluu, wa tatu cheupe, wa nne cheusi, wa tano cha rangi ya chungwa, na wa sita cha mistari myeupe na myeusi. Vilango vikafunguka, wakachomoka kama mishale, na punde si punde mambo yakawa yamekwisha. Kijana mmoja akaikunja karatasi yake akaitupa chini. "Mkeka umechanika, mzee wangu," akaniambia, utadhani na mimi niliweka pesa yangu pale.

Nikamwuliza mbwa wale wanakimbia katika nchi gani. Akacheka, lakini kwa adabu. "Hawa si mbwa, mzee. Hawa ni wa kompyuta. Wakimaliza, baada ya dakika chache wanaanza tena."

Naam, ndugu msikilizaji, mbwa wa kompyuta ana raha zake. Hachoki, havunjiki mguu, hali chakula, wala hazeeki. Lakini mchoro haujichori wenyewe. Vile vizibao vya rangi sita, vile vilango na ile sungura wa bandia anayekimbizwa, vyote vimeigwa kutoka kwa mbwa wa nyama na damu wanaokimbia Uingereza na Ireland. Ni juu ya huyo mwenye damu kwamba nataka tuzungumze leo.

Jina lake ni grehaundi. Tangu kale watu walimtumia kuwinda sungura, kwa kuwa huwinda kwa macho na ana kasi ya kupita kilometa 60 kwa saa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani mmoja, Owen Patrick Smith, alibuni sungura wa mashine anayezunguka kiwanja kwenye reli, na mwaka 1919 kiwanja cha namna hiyo kikafunguliwa Emeryville, katika jimbo la California. Tarehe 24 Julai, 1926, mchezo huo ukafika Belle Vue, mjini Manchester. Wafanyakazi wa viwandani waliupenda mno. Farasi walikuwa mchezo wa mabwana, na walikimbia mbali na mjini mchana wa kazi. Mbwa walikimbia jioni, karibu na nyumbani, na kiingilio kilikuwa cha bei nafuu. Mbwa mmoja aitwaye Mick the Miller alishinda mashindano makubwa ya Derby mwaka 1929 na tena 1930, akawa maarufu kama mchezaji wa mpira. Alipokufa mwili wake ulikaushwa, na umehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Tring.

Huyo ndiye mbwa ambaye watu hupenda kumtaja. Mimi leo namwulizia yule wa sita, aliyefika wa mwisho.

Hebu tupige hesabu pamoja. Katika kila mbio anashinda mmoja na wanashindwa watano. Mbwa huyu huanza kukimbia akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Akifika miaka minne au mitano amekwisha kuwa mzee wa kiwanja. Lakini kwa maumbile yake aweza kuishi miaka 12 na zaidi. Maana yake ni kwamba baada ya kazi kuna miaka saba au minane ya kula, kulala na kutibiwa, bila kumwingizia mwenyewe hata senti. Na hapo nimemtaja yule aliyekimbia. Wapo waliozaliwa wakaonekana wazito tangu mwanzo, wasifike hata kwenye kilango. Ili wapatikane sita wenye kasi inabidi wazaliwe wengi zaidi ya sita. Hao wengine huenda wapi?

Mwaka 2006 gazeti moja la Uingereza lilifuatilia swali hilo, likafika katika mji mdogo wa Seaham, kaskazini mwa nchi. Lilimkuta mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ambaye, kwa muda wa miaka ipatayo 15, alikuwa akiletewa mbwa waliomaliza mbio. Alikuwa akiwaua kwa ile bastola ya machinjioni inayopiga chuma kwenye paji la uso, kisha akiwazika katika shamba lake. Malipo yake yalikuwa paundi 10 kwa mbwa mmoja. Gazeti lilisema huenda waliozikwa pale walifika 10,000. Na alipofikishwa mahakamani, kosa aliloshitakiwa halikuwa kuua. Alishitakiwa kwa kuzika mizoga bila kibali cha mambo ya mazingira. Sheria iliona ardhi iliyochafuliwa. Mbwa haikumwona.

Msidhani hayo ni ya Uingereza peke yake. Nchini Ireland, mwaka 2019, televisheni ya taifa ilitoa hadharani ripoti iliyotayarishwa kwa ajili ya bodi yenyewe inayosimamia mbio hizo. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba karibu mbwa 6,000 walikuwa wakiuawa kila mwaka kwa sababu tu hawakuwa na kasi ya kutosha. Huko Australia, mwezi wa Februari 2015, televisheni ilionyesha picha za siri za watu wakifunga nguruwe wachanga na sungura walio hai kwenye ile mashine, ili mbwa wa mazoezi wawararue na kupata uchu. Serikali ya jimbo la New South Wales iliunda tume chini ya Michael McHugh, jaji mstaafu wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Mwaka 2016 tume ikasema kwamba katika miaka 12 iliyotangulia, mbwa kati ya 48,000 na 68,000 waliuawa katika jimbo hilo kwa sababu walihesabiwa kuwa hawawezi kushindana.

Mbwa hawa huchanjwa alama sikioni ili wajulikane ni wa nani. Mwaka 2004, katika mlima mmoja huko Wales, alikutwa mbwa wa mbio aliyepigwa chuma kichwani na bado yu hai. Masikio yake yote mawili yalikuwa yamekatwa. Aliyefanya hivyo alijua vizuri kwamba siku moja mtu angeuliza, naye akaliondoa jibu mapema.

Sasa, ndugu msikilizaji, nisije nikawapaka tope watu wote wa mchezo huo. Wapo wafugaji wanaowapenda mbwa wao kama watoto, wanaolala nao bandani wakiugua, na wanaokaa nao mpaka siku ya mwisho. Yule mtu wa Seaham hakuzunguka vijijini kutafuta mbwa. Waliletwa kwake na watu wa kawaida, pengine wengine machozi yakiwatoka. Tatizo si roho mbaya ya mtu mmoja au wawili. Tatizo ni hesabu yenyewe. Ukimleta kiumbe duniani kwa ajili ya faida tu, siku faida ikikoma anakuwa takataka, hata kama mikononi mwako alikuwa akilambalamba vidole.

Wenye mchezo wana hoja zao, na haki ni kuzisikiliza. Wanasema mbwa huyu anapenda kukimbia, na ni kweli. Mtu yeyote aliyemwona akifunguliwa kwenye uwanja wa majani hawezi kubisha. Wanasema pia kwamba mambo yamerekebishwa. Hapa nako tusiwe wachoyo wa sifa. Tangu mwaka 2010 kanuni za Uingereza zinataka daktari wa mifugo awepo kiwanjani kabla mbio hazijaanza. Tangu mwaka 2020 mwenye mbwa na bodi ya mchezo huchanga fedha ya akiba, ili mbwa akistaafu zisaidie kumpatia makao. Na bodi sasa hutangaza takwimu zake kila mwaka. Mwaka 2018 mbwa 175 waliuawa kwa sababu matibabu yao yalionekana ghali. Mwaka 2023 walikuwa 3. Angalieni jambo hilo. Mbwa hakubadilika, na wafugaji ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba daftari lilifunguliwa hadharani, na mtu akajua ataulizwa.

Lakini daftari hilo hilo lina ukurasa mwingine. Mwaka 2018 kulikuwa na majeraha 4,963 katika viwanja vya bodi hiyo. Mwaka 2023, pamoja na marekebisho yote, yalikuwa 4,238. Kwa nini idadi hii imegoma kushuka kama ile nyingine? Jibu liko kwenye kona. Mbwa sita wanatoka pamoja kwa kasi ya pikipiki, kisha wote wanaingia kwenye kona ya kwanza wakigombea njia moja ya ndani. Mmoja akiguswa anaanguka, na anayemfuata anamkanyaga. Mguu wa nyuma, pale kwenye kifundo, huvunjika kama kijiti. Mbwa anayekimbia peke yake shambani hana kona hiyo. Kwa hiyo sehemu moja ya dhuluma yaweza kuponywa kwa fedha na kumbukumbu nzuri, na sehemu nyingine ndiyo mchezo wenyewe.

Ndiyo maana baadhi ya nchi zimeamua kuuacha. Huko Florida, Marekani, ambako ndiko viwanja vilikuwa vingi kuliko majimbo mengine, wananchi walipiga kura mwezi wa Novemba 2018, na karibu 69 katika kila 100 wakasema basi. Mbio za kubeti zikakoma huko mwishoni mwa mwaka 2020. New Zealand ilitangaza mwezi wa Desemba 2024 kwamba itazikomesha mwaka 2026. Wales, kule kwenye mlima wa yule mbwa aliyekatwa masikio, serikali ilitangaza mwaka 2025 kwamba nayo itazipiga marufuku. Si kila mahali njia imekuwa nyoofu. Waziri mkuu wa New South Wales alitangaza marufuku mwezi wa Julai 2016, akairudisha mfukoni mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, maana kelele za wenye mchezo zilikuwa kubwa.

Kisa kinachonipa matumaini ni cha Macau, kwenye pwani ya China. Huko kilikuwapo kiwanja kilichokuwa kikinunua mbwa kutoka Australia. Kwa miaka mingi watetezi wa wanyama walisema kwamba mbwa anayeingia pale hatoki akiwa hai. Kiwanja kikafungwa mwezi wa Julai 2018, na mbwa zaidi ya 500 wakabaki bandani bila mwenyewe wa kuwataka. Watu wengi walidhani wangeuawa. Haikuwa hivyo. Wasamaria wema walianza kutafuta nyumba moja moja, huku na huko, na mbwa wale wakasafirishwa kwenda kwa familia katika nchi mbalimbali. Wengi wao hawakuwahi kupanda ngazi wala kulala kwenye kitu laini.

Najua mtu atauliza: sisi tuna shida za maji na dawa, mbwa wa Wazungu watuhusu nini? Nitamjibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni shilingi yetu. Huko Uingereza mbio nyingi huendeshwa mchana, majukwaa yakiwa karibu matupu, kwa sababu watazamaji wenyewe wako kwenye maduka ya kubeti. Anayeuweka mchezo hai ni yule aliyesimama dukani na karatasi mkononi, wala si aliyekaa kiwanjani. Kijana wetu wa Dar es Salaam anabeti mbwa wa kompyuta, na hamuumizi mbwa yeyote ila mfuko wake. Lakini jicho lake linazoeshwa kumwona mnyama kama nambari na rangi ya kizibao. Jicho likizoea hivyo, halitamwona hata punda.

Na punda ndiye jambo la pili. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Nendeni Dodoma mkamwangalie punda wa kubeba maji, mgongo una kidonda na gunia liko juu ya kidonda, kisha mniambie ni nani hapo anayelipa shukrani kwa mateke. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Wangapi kati yetu wameisikia? Na wazee wetu wa pwani, ambao hawamlazi mbwa ndani ya nyumba, ndio hao hao wanaowasimulia watoto kisa cha mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Huruma kwa mnyama hatukuletewa na Wazungu kwenye meli.

Mvua ilipokatika nikaaga. Nilimwachia yule kijana swali, nami nawaachia ninyi pia. Popote utakapoona mnyama akitumiwa kwa faida au kwa burudani, uliza mambo matatu: walizaliwa wangapi, waliofanya kazi ni wangapi, na wale waliokwisha kazi wako wapi? Wakikujibu mawili ya kwanza na la tatu wakalinyamazia, basi umekwisha pata jibu. Funga mkoba wako, uende zako.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo juma hili. Kwaherini.