Chumvi na Nguvu za Damu

Mabwana na mabibi wa Mpanda, chumvi ya Uvinza, kaskazini kwenu, imechemshwa tangu zamani sana, na mboga bila chumvi haina ladha. Lakini ikizidi mwilini huzuia maji. Damu huongezeka, na moyo huisukuma kwa shida. Kipimo kikifika 140 juu, au 90 chini, mara kwa mara, huo ni ugonjwa, ingawa mtu haoni maumivu yo yote. Ndiyo sababu wengi hupewa vidonge vya kutoa chumvi kwa mkojo, au amlodipini ilegezayo mishipa, wakajiona wazima, wakaviacha. Dawa hizi haziung'oi ugonjwa. Huuzuia maadamu zamezwa. Zikiachwa, nguvu za damu hupanda tena kimya kimya, hata mshipa wa ubongo huweza kupasuka. Aendaye shamba la mbali kuvuna mpunga na achukue vidonge vya siku zote atakazolala huko.