Kupiga Picha Nje: Kuuwahi Mwanga Ungalipo

Jioni hii twataka kuongea nanyi habari za kupiga picha nje, mahali ambapo taa yetu ni jua. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi hii ni kuelekeza kamera na kubonyeza tu. Lakini apigaye picha nje hushughulika na vitu viwili visivyokubali kungoja: mwanga, ambao hubadilika kila dakika, na sura ya kiumbe hai, ambayo hubadilika upesi kuliko mwanga.

Kwanza na tuutazame mwanga wenyewe. Saa sita mchana, katika nchi zilizo karibu na Ikweta, jua husimama juu ya utosi. Paji la uso hutia kivuli machoni, na mtu huonekana kama ana mashimo mahali pa macho. Asubuhi na jioni jua huwa chini. Mwanga huja kwa ubavuni, nao huonyesha kila kunyanzi la uso na kila jiwe la ukuta. Tena, jua likiwa chini, miali yake hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Rangi ya buluu hutawanyika njiani, ile ya manjano na nyekundu hubaki. Ndiyo asili ya uzuri wa mwanga wa jioni.

Lakini uzuri huo haukai. Huku kwetu jua halitelemki kwa mshazari kama katika nchi za mbali kaskazini, bali hushuka karibu wima. Tangu ukingo wake wa chini ugusapo upeo wa macho, hata ukingo wa juu uzame, ni kama dakika 2 tu, na giza hufuata upesi.

Sasa sikilizeni kisa cha mtu aliyeuwahi mwanga. Ansel Adams, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufa mwaka 1984, alikuwa mpiga picha mashuhuri wa Marekani. Alasiri moja ya mwaka 1941 alikuwa akiendesha motokaa katika jimbo la New Mexico, pamoja na mwanawe Michael na rafiki yake Cedric Wright. Kutwa nzima kazi ilikuwa imemshinda, naye alikuwa akirudi mjini Santa Fe. Mara akaona kando ya njia kijiji kidogo kiitwacho Hernandez: kanisa, makaburi yenye misalaba myeupe, milima ya mbali yenye theluji, na juu ya milima hiyo mwezi umekwisha kupanda. Upande wa pili jua lilikuwa karibu kutoweka, likiimulika misalaba kwa mwanga wake wa mwisho.

Akasimamisha motokaa, akawahimiza wenzake wamsaidie. Kamera yake ilikuwa kubwa, ya kutumia filamu za inchi 8 kwa inchi 10, nayo ilihitaji kusimamishwa juu ya miguu mitatu. Ilipokwisha kusimama, akatafuta kipima mwanga, asikione. Je, angefanyaje? Hapo akakumbuka jambo alilojifunza zamani, ya kwamba nguvu ya mwanga wa mwezi ni kama mishumaa 250 kwa kila futi moja ya mraba. Akafanya hesabu kichwani, akapunguza tundu la kamera, akaacha mwanga uingie kwa muda wa sekunde 1. Mara akakigeuza kifuko cha filamu ili apige ya pili. Lakini kabla hajawa tayari, mwanga ukaondoka juu ya misalaba. Picha ikabaki moja tu.

Adams hakuiandika tarehe ya siku ile. Miaka mingi baadaye wataalamu wa nyota waliitafuta kwa kupima mahali mwezi ulipo katika picha, na mwaka 1991 Dennis di Cicco alitangaza ya kuwa ilipigwa tarehe 1 Novemba 1941, saa 10 na dakika 49 alasiri. Wako wasemao ya kuwa Adams alikuwa na bahati. Kweli, mwezi ulikuwa bahati. Lakini ile hesabu haikuwa bahati. Ilikuwa kichwani mwake tayari, kabla ya haja kumfika.

Sisi nasi tuna kisa chetu, wala si cha kujisifu. Tulipokuwa waalimu vijana tuliazima kamera, tukaenda kumpiga picha mzee aliyetufundisha alfabeti chini ya mwembe. Tulimkuta mlangoni mwake, mjukuu wake magotini, wote wawili wakicheka, na jua la jioni likizimulika nyuso zao. Badala ya kupiga picha, tulisema, “Baba, tafadhali vaa kanzu safi, nasi tutakuletea kiti kizuri.” Mzee akatii. Aliporudi, mtoto alikuwa amelala na jua limejificha nyuma ya miti. Tukapiga vivyo hivyo. Picha ilipotoka ilionyesha kanzu nyeupe, na juu yake giza. Mzee alikuwa ametuambia, “Mwanangu, njoo kesho asubuhi.” Kesho yake mvua ilinyesha, nasi tukasafiri kurudi kazini. Likizo iliyofuata tulionyeshwa kaburi lake. Yule mjukuu sasa ni mtu mzima, naye ametuuliza zaidi ya mara moja kama tunayo picha ya babu yake. Tunayo ile kanzu tu.

Basi, wasikilizaji, tumejifunza haya. Iandae kamera kabla hujafika, wala si mbele ya mtu. Nenda asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi. Kama ni lazima kupiga mchana, mweke mtu kivulini, karibu na ukingo wa baraza, uso wake uelekee nje penye mwanga. Ikiwa mtu ni mweusi naye amevaa nguo nyeupe, pima mwanga wa uso, usipime wa nguo. Maana kamera ikiifuata kanzu, uso hupotea. Zaidi ya yote, ukikuta mwanga mwema na uso wenye furaha, piga kwanza, kisha ndipo utengeneze viti na mavazi.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nyumbani mwenu wako wazee ambao hawajapigwa picha hata moja. Kesho jua litakapokuwa chini, keti nao mlangoni, kamera ikiwa tayari mkononi. Kwaherini.