Fyuzi ya Motokaa Ikiungua

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo sana, kisichopita urefu wa kidole, lakini kikidharauliwa huweza kuteketeza gari zima. Kitu hicho ni fyuzi.

Ninyi mkaao Kasulu na Kibondo mwaijua nchi yenu: vilima vya Buha, mabonde yake, mvua za miezi mingi, na vumbi jekundu wakati wa kiangazi. Kwa miaka mingi njia ya kutoka Kasulu, kupita Makere, hata Kibondo ilikuwa ya udongo, na njia nyingi za vijijini ni hivyo hata leo. Gari kuukuu likitikiswa miaka ishirini katika njia hizo, waya zake husuguana na vyuma, ganda la waya hulika, na shaba hubaki uchi. Shaba hiyo ikigusa bati, umeme wa betri hukimbilia hapo bila kufanya kazi yo yote. Mafundi huliita jambo hili shoti. Waya hupata moto kama kaa, na petroli haiko mbali.

Hapo ndipo ionekanapo faida ya fyuzi. Ndani yake mna uzi au utepe mwembamba wa madini, uliofanywa dhaifu makusudi, ili umeme ukizidi kiasi ukatike huo kwanza kabla ya waya kuungua. Fyuzi hufa ili gari lipone.

Basi tuseme dereva anampeleka mgonjwa hospitali ya Kabanga usiku, mvua yanyesha, mara waipa zasimama, na kipimo cha petroli chalala. Afanyeje?

Kwanza, asimamishe gari kando ya njia mahali pa tambarare, azime injini, atoe ufunguo, aweke mawe nyuma ya magurudumu.

Pili, afikiri kabla ya kushika kitu. Kitu kimoja kikifa peke yake, kama taa ya upande mmoja, yaelekea ni globu. Vitu viwili au vitatu vikifa pamoja, yafaa kushuku fyuzi. Vyote vikifa, hata stata, atazame kwanza betri na vifungo vyake.

Tatu, afungue kisanduku cha fyuzi. Land Rover, gari lililoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, lilikuwa na fyuzi mbili tu za kioo katika magari mengi ya zamani, na taa zake kubwa hazikupitia fyuzi hata moja. Magari ya baadaye yana fyuzi nyingi za plastiki zenye miguu miwili bapa, na mara nyingi kifuniko cha kisanduku huonyesha kazi ya kila moja.

Nne, atoe fyuzi, aitazame kwa tochi. Uzi ukiwa umekatika tu, huenda umeme ulizidi kidogo au fyuzi imechakaa. Kioo kikiwa kimepakwa weusi au rangi ya fedha, umeme ulipita kwa nguvu, na yamkini pana shoti. Uzi ukiwa mzima, atazame vishikio: kutu huzuia umeme, nayo huondolewa kwa msasa.

Tano, atie fyuzi mpya ya kipimo kile kile. Katika fyuzi za plastiki rangi husema: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, manjano 20, kijani 30.

Vijana wa shule, fanyeni hesabu hii. Taa mbili za wati 55 kila moja ni wati 110. Gawanyeni kwa volti 12 za betri, mtapata ampea 9 na kitu. Fyuzi ya 15 yatosha. Mtu akitia ya 30, waya mwembamba huweza kuungua na fyuzi ingali nzima. Na atiaye msumari, waya wa shaba, au karatasi ya fedha ya sigara, huyo amemwondoa mlinzi mlangoni akamkaribisha moto ndani.

Je, fyuzi mpya ikiungua pale pale? Asitie ya tatu. Azime vitu vyote vya fyuzi hiyo, kisha mahali pa fyuzi aunge globu ya wati 21 yenye waya mbili, afungue swichi ya ufunguo bila kuwasha injini. Globu ikiwaka sana, shoti ingalipo. Atikise waya moja moja, hasa zipitapo katika matundu ya bati na karibu na bawaba za milango. Globu ikififia au kuzimika anapogusa mahali fulani, ugonjwa u hapo. Azime tena, avute waya mbali na bati, aufunge kwa utepe wa umeme, ndipo arudishe fyuzi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Fyuzi mbili tatu za akiba, globu moja, na utepe havijazi hata kopo la majani ya chai. Lakini kwenye mteremko, usiku wa mvua, na mgonjwa nyuma, thamani yake haipimiki kwa fedha.