Kazi iko Bukavu, nyumba inunuliwe Kasongo?



Kati yetu wamo wanaofanya kazi ya Bukavu ao Goma kwa simu na ordinatere, huku wakikaa hapa Kasongo ao Kabambare. Wanatuuliza: tununue nyumba sasa, ao tupange kwanza?

Sisi tunasema pangeni kwanza, mpitishe majira yote ya mvua. Muone kama rezo inashika, na kama sola inatosha kazi ya siku nzima. Kazi ya namna hii inakatwa kwa mesaji moja tu, na nyumba haibebeki.

Tunajua uchungu wake. Mtu aliyekaa miaka kambini Nyarugusu anataka mlango wake mwenyewe. Lakini kwa sheria ya 1973 udongo ni mali ya serikali, na haki ya kiwanja inasimama kwa cheti cha uandikishaji. Karatasi ya muuzaji na saini ya shefu hazitoshi.

Tena ulizeni majirani: mwenyewe wa kwanza alikimbilia wapi? Anaweza kurudi, kama sisi tulivyorudi.

Mwenye karatasi azilete ofisini, tuzisome pamoja kabla pesa haijatoka.