Chembe za Msitu na Maji ya Angani

Kila tutajiwapo mawingu na mvua, ni nadra kutajwa zile chembe ndogo mno zieleaeleazo hewani, ambazo lau zisingekuwapo, mvuke usingepata pa kushika ukawa tone. Mwaka 1936 mtaalamu wa Sweden, Hilding Köhler, alibainisha mvutano uliomo katika tone hilo: chumvi iliyoyeyuka huuvuta mvuke, ilhali mkunjo wa uso wa tone dogo huurudisha hewani.

Chumvi ya kawaida hubaki kavu hata unyevu wa hewa ukaribie asilimia 75, kisha huyeyuka kwa ghafla. Lakini juu ya msitu wa Amazon, majira ya mvua, aghalabu ya chembe hizo si chumvi, bali zimezaliwa na mivuke ya miti, kama vile isoprini, iliyogeuzwa na hewa na mwanga wa jua. Nazo hunywa maji taratibu, pasi na ghafla, na kwa ujazo ule ule hupata takriban sehemu moja ya kumi ya yale yapatwayo na chumvi. Kadiri zinavyokaa hewani zikichanganyika na oksijeni, ndivyo kiu yao izidivyo, jambo ambalo naliona la ajabu na adhimu.

Msitu uchomwapo, moshi humwaga chembe nyingi kupita kiasi, maji yakagawanyika katika matone madogo yasiyoungana upesi, na mvua ikachelewa kunyesha.